Ripoti Niliyoificha Ndani ya Koti Makambako

Nianze na koti, kwa sababu ninyi vijana mnaokwenda vijijini kukusanya historia mnabeba kila kitu isipokuwa koti. Mnanijia hapa Njombe mwezi wa saba, shati la mikono mifupi, kinasa sauti mfukoni, meno yanagongana, halafu mnaniuliza, "Profesa, tuanzie wapi?" Anzieni dukani. Nunueni sweta. Mtu anayetetemeka hawezi kumsikiliza mwenzake, na kazi yetu karibu yote ni kusikiliza.

Hata hivyo koti nalo lina mahali pake. Safari yangu ya kwanza ya Lupingu, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nililala Mawengi kwenye ukungu, asubuhi nikaanza kuteremka mlima na koti zito la sufu nililolinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Sikutaka kulivua. Niliamini kwamba karani wa boma asiye na koti ni mtu kama watu wengine. Nilipofika chini jua lilikuwa limeshanipika. Nikamsalimia jumbe wao, nikafungua daftari, nikaanguka chali. Akina mama walinimwagia maji ya ziwa, mimi na koti langu. Miaka mingi baadaye nilirudi huko nikiwa daktari wa falsafa, nimeshaandika vitabu viwili vya historia ya mipaka, na mama mmoja akawaonyesha wajukuu zake, "Huyu ndiye Bwana Koti." Mpaka leo Lupingu sina jina jingine.

Ipelele, kwa Wakinga, nilifundishwa jembe. Nilimkuta mzee mmoja shambani kwake, nikatoa kalamu, nikamwomba anieleze ukoo wake ulitoka wapi. Akanitazama mikono. "Kijana," akasema, "maneno yangu yako mwisho wa tuta lile." Akanipa jembe. Nililima. Tulipofika mwisho wa tuta alikuwa amenieleza koo tatu, nani alimfukuza nani, na nani alirudi kwa kuoa. Historia ya Ipelele niliilipia kwa malengelenge, wala sijawahi kuona kwamba ilikuwa ghali. Mtu akiwa analima hana nafasi ya kupamba maneno.

Msinitake nifuate miaka. Nimefuata miaka maisha yangu yote, sasa nimestaafu. Nataka kuwaeleza kosa moja tu, kosa lililonifanya niwe mwanahistoria. Nimelisimulia darasani mara nyingi, lakini siku zote nilikatisha kabla ya mwisho. Leo nitafika mwisho.

Lilitokea enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimemaliza darasa la kumi, nikapata ukarani katika boma la Njombe. Bomani kulikuwa na kitabu kikubwa chenye habari zote za wilaya: koo, machifu, mito, nani anapakana na nani. Sisi tulikiita Kitabu cha Boma. Ofisa mmoja Mwingereza, ambaye watu walimwita Bwana Shauri kama walivyowaita wenzake wote wa cheo kile, alinipa kazi ya kwenda kuuliza wazee na kuandika. Alikuwa mtu wa haki kwa kadiri alivyoijua, mpenda ramani, mwenye pua iliyobabuka kwa jua. Aliniambia nikiifanya kazi vizuri ataniandikia barua ya kuniombea nafasi katika chuo cha Uganda. Kwa mtoto wa mwinjilisti wa Njombe wakati ule, hilo lilikuwa jambo la kukosesha usingizi.

Mwalimu wangu wa kweli, hata hivyo, hakuwa Bwana Shauri. Alikuwa Mzee Kilasi, tarishi wa boma, mtu aliyekuwa ametembea wilaya nzima kwa miguu akipeleka barua asizoweza kuzisoma. Ndiye aliyenifundisha kwamba ukifika mji wa watu usiulize swali siku ya kwanza, na kwamba ukipewa kiti ukatae mara moja tu, si mara mbili. Ndiye aliyenifundisha pia kuwauliza wanawake. "Wanaume watakuambia vita," alisema. "Wanawake watakuambia nani alihama."

Basi kulikuwa na bonde linaloitwa Lufimbo, mwendo wa nusu siku kutoka Makambako, pale ambapo nchi ya Wabena inaishia na ya Wahehe inaanza. Jumbe wa huku alisema ni lake, jumbe wa kule alisema ni lake, na katikati ya ubishi huo akatokea mlowezi mmoja Mzungu akaliomba apande miwati, ile miti ya maganda ya kulainishia ngozi. Bwana Shauri alitaka kujua mambo mawili: mpaka uko wapi, na bonde lina wenyewe au halina. Likiwa halina wenyewe, mlowezi atapewa.

Mzee Kilasi aliniambia, "Ngoja masika, Yonasi. Bonde lile baridini haliongei."

Nilidhani magoti yake ndiyo yanayosema. Nami nilikuwa na haraka ya barua yangu. Nikaenda peke yangu mwezi wa saba, ukungu mzito, nikazunguka Lufimbo siku mbili. Sikuona nyumba. Sikuona moshi. Niliona mianzi tu, vichaka kwa vichaka, kutoka juu mpaka kijitoni. Niliona pia kwamba mashina makavu yalikuwa yamekatwa kwa panga kali, mkato safi, na chini ya kila kichaka pamefagiliwa. Nikaandika kwamba pengine ni wapita njia waliokuwa wakitafuta fito. Vijana, nimesoma upumbavu mwingi katika maisha yangu ya kusahihisha mitihani, lakini huo wa wapita njia wanaofagia sijauona kwa mwanafunzi yeyote.

Kisha nikaenda kwenye mabaraza ya majumbe wote wawili nikauliza, "Nani anaishi Lufimbo?" Wakajibu, "Hakuna." Ilikuwa kweli kabisa. Na hata kama ingekuwa si kweli, karani wa boma anapouliza nani anaishi wapi, mtu mwenye akili huona kodi inakuja na kunyamaza. Nikapiga mstari kufuata kijito, huku Wabena, kule Wahehe, nikapiga taipu nakala tatu. Sentensi ya kwanza nilijivunia sana: Bonde la Lufimbo halina mwenyewe.

Hapa lazima nikiri jambo, ama sivyo mtashangaa Mbena mzima alishindwaje kuelewa vichaka vya mianzi. Wasiotoka huku wajue kwamba katika mianzi hiyo ndimo unamotoka ulanzi. Wakati wa mvua chipukizi hukatwa ncha, hufungiwa mbeta, yaani kopo refu la mwanzi, na maji yake hudondokea humo. Mgema huja asubuhi na jioni, hupunguza ncha kidogo, huchukua kilichodondoka. Ukiunywa siku hiyohiyo huitwa mtogwa, mtamu usio na madhara. Ukiulaza, ni habari nyingine.

Hayo kila mtoto wa Njombe aliyajua, isipokuwa sisi watoto wa mwinjilisti. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, mtu mrefu, mkimya, suti moja nyeusi, na nyumbani kwetu neno ulanzi halikutamkwa. Likibidi kutajwa, tulisema "kile kitu cha mabondeni." Nilijua zaburi nyingi kwa moyo. Sikujua kwamba kichaka cha mianzi kina mwenyewe kama ng'ombe alivyo na mwenyewe. Niliona kama majani yaliyojiotea.

Bwana Shauri alikuwa likizo kwao Uingereza, kwa hiyo ripoti yangu ililala dawatini hadi mwezi wa kwanza, ambao huku kwetu ni masika tayari. Aliporudi akaniita nikamkute Makambako siku anayopita kwenda Iringa, nimkabidhi ripoti, naye ataipeleka pamoja na ile barua ya chuo. Nikapanda lori, bahasha ya kaki ndani ya koti.

Makambako ya siku hizo haikuwa mji. Ilikuwa njia panda, maduka mawili matatu ya Wahindi, malori, matope, na upepo uleule mnaoujua. Mvua ikashuka. Nikajibanza barazani mwa duka moja, na hapo alikuwepo bibi mmoja mwembamba, amekalia gunia, mbele yake mbeta zimepangwa kwenye kapu.

"Kamwene, mjukuu," akasema.

"Kamwene, bibi."

"Onja. Wa leo huu, mtogwa."

"Ahsante, bibi, mimi situmii. Ni mtoto wa mwinjilisti."

"Basi nishikie tu, nifunge nguo yangu vizuri."

Nikaishika mbeta kama mtu aliyepewa nyoka. Kwa adabu tu nikamuuliza anatoka wapi.

"Lufimbo," akasema.

Nikacheka. "Bibi, Lufimbo hakuna watu. Mimi nimefika mwenyewe."

"Ulifika lini?"

"Mwezi wa saba."

Bibi yule, jina lake Tulalumba, alicheka mpaka akashika kapu lisipinduke. "Mwezi wa saba! Mjukuu wangu, mimi nikija ofisini kwako Jumapili sitakukuta. Niandike kwamba ofisi haina mwenyewe?"

Akaendelea kwa upole, kama anavyoelezwa mgeni njia. Baridini watu wako makwao, juu, kwenye mahindi na njegere. Mvua zikishika wanashuka Lufimbo, Wabena kwa Wahehe, wanajenga vibanda, wanagema hadi masika yaishe. Kila kichaka kina jina la aliyekipanda. Na huko kwao baba akimwoza binti yake ng'ambo ya kijito, humpa kichaka kimoja aende nacho, ili wakwe wanapokunywa wamkumbuke aliyemlea. Kwa hiyo vichaka vya Wahehe vimo upande wa Wabena, vya Wabena vimo upande wa Wahehe, na hakuna aliyewahi kugombania.

"Hao majumbe wanagombania nini basi?" nikauliza.

"Majumbe hawagemi," akasema. Halafu akanitazama vizuri. "Na wewe ni wa nani?"

"Yonasi Mtengela, bibi. Wa mwinjilisti."

Akaacha kufunga nguo. "Mtengela. Babu yako alikuwa amepungukiwa kidole cha mkono wa kushoto?"

Babu alikufa kabla sijazaliwa, lakini habari ya kidole niliwahi kuisikia. Nikasema ndiyo.

"Utakuja Lufimbo," akasema. Hakuwa ananiuliza.

Gari la Bwana Shauri likaingia wakati huohuo, likirusha matope. Akashuka, akanyoosha mkono. "Karani, ripoti."

Nitawaambia ukweli, niliogopa vibaya. Bahasha ilikuwa kifuani mwangu, naisikia kila ninapopumua. Ningeitoa tu, na kabla ya mwaka kwisha ningekuwa chuoni. Nikamtazama bibi. Hakuwa hata anatuangalia, alikuwa anapanga mbeta zake.

"Bado, Bwana Shauri."

"Jana ulituma habari kwamba iko tayari."

"Nilikosea."

"Umekosea nini?"

"Mwezi," nikasema.

Akanitazama usoni, kisha akatazama mkono wangu, na ndipo nilipokumbuka kwamba bado nimeshika mbeta. Akainusa hewa kidogo. Pua yake iliyobabuka ikazidi kuwa nyekundu.

"Barua yako ya chuo ilikuwa iende na ripoti," akasema. "Bila ripoti sina la kuwaandikia, na nafasi ni ya mwaka huu. Nitarudi baada ya wiki mbili. Siku hiyo maombi ya Lufimbo yataamuliwa, ripoti iwepo isiwepo."

Gari likaondoka. Nilibaki na matope kwenye koti na majuto, na sikuona ushujaa wowote katika nililolifanya. Kama gari lingerudi nyuma pale pale, pengine ningeitoa ile bahasha. Halikurudi.

Nikaenda kumwambia Mzee Kilasi. Hakusema "nilikuambia." Alisema, "Chukua koti lako," akachukua chumvi na majani ya chai, tukaenda.

Vijana, Lufimbo ya masika haikuwa Lufimbo yangu. Vibanda kila mahali, moshi, watoto, mbuzi, watu wakitaniana kwa Kibena na kujibiwa kwa Kihehe. Mtu aliyenijibu barazani mwezi wa saba kwamba hakuna anayeishi Lufimbo nilimkuta kwenye kichaka chake na panga mkononi. "Karani!" akaniita kwa furaha. "Nawe umehamia?"

Kazi ilikuwa hivi. Asubuhi na jioni, saa za kugema, nilisimama kwenye kichaka na kungoja nani atakuja. Sikuuliza nani ana haki, maana hapo kila mtu huwa wakili. Niliuliza maswali matatu tu: nani alipanda, nani anagema, nani atarithi. Mzee Kilasi alikuwa akienda kuuliza yaleyale kwa jirani, tukalinganisha. Majina yakajaa ukurasa, yakavuka kijito, yakarudi, mpaka ule mstari wangu niliouchora kwa rula nikashindwa kuuona. Nimeandika mengi juu ya mipaka tangu hapo, na watu wazito wameyajadili kwenye mikutano yenye vipaza sauti. Yote yametoka kwenye ukurasa ule wenye madoa ya mtogwa.

Siku ya nne Bibi Tulalumba alinipeleka chini kabisa, karibu na maji. Palikuwa na kichaka kikubwa, kizee. Hakikuwa na mbeta hata moja. Lakini kilikuwa safi kuliko vyote, makavu yamekatwa, chini pamefagiliwa.

"Nani alipanda?" nikauliza, kalamu tayari.

"Mtengela," akasema. "Alipohamia huku kutoka Uhehe. Kidole kile alikikata hapa."

Nikaitazama mianzi ile upya.

"Baada yake alikuwa anagema mwanawe. Halafu mwanawe akashika dini, hakuja tena."

"Sasa nani anagema?"

"Hakuna."

"Na nani anasafisha?"

"Mimi ni jirani, kichaka changu ni kile pale. Nimekisafisha tangu baba yako abatizwe. Sikigemi, si changu. Lakini kichaka kisiposafishwa kinakufa."

Sikuandika kitu. Nilikuwa nimeliandikia boma kwamba bonde hili halina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ni mimi. Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoshuka hadi miguuni. Nyani haoni kundule, wanasema. Mimi sikuwa nimeona hata la babu yangu.

Tatizo likawa ni hili. Orodha yangu ilikuwa nzuri, lakini Bwana Shauri alikuwa ameniona na mbeta mkononi. Mashahidi wangu wote walikuwa wagema. Nilijua atasema nini: karani amenyweshwa, na wanywaji wanatetea kinywaji chao. Nilihitaji shahidi mmoja ambaye hanywi na ambaye hatafaidi chochote. Wa namna hiyo nilimjua mmoja tu.

Nilifika nyumbani mchana, baba yuko uani anatengeneza mpini wa shoka.

"Unanuka," akasema.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unanuka."

Nikamweleza yote, tangu ripoti hadi kichaka. Aliendelea kuuchonga mpini. Nilipotaja kidole cha babu akasimamisha kisu.

"Bado kipo?"

"Kipo. Bibi Tulalumba amekitunza."

"Miaka yote hiyo," akasema, si kwangu.

Nikamwambia ninalolitaka: aje Lufimbo siku Bwana Shauri atakapofanya baraza, aseme kwamba kichaka kile ni cha baba yake.

"Unataka nisimame mbele ya washarika wangu," akasema polepole, "niseme kwamba nina kichaka cha kile kitu."

"Ndiyo, baba."

"Unajua wazee wa kanisa watanifanya nini."

"Najua."

Akaniambia nikachote maji. Nikayachota, kisha nikarudi Lufimbo bila jibu.

Siku ya baraza ilikuwa na jua la kati ya mvua mbili. Bwana Shauri alikuja na viatu vyake virefu, majumbe wote wawili na viti vyao, na watu tele. Alipokea orodha yangu mpya, akaipekua. "Haya ni majina ya wagema," akasema, kama nilivyojua atasema. "Karani, ukinipa orodha ya walevi wa Njombe nayo itakuwa ndefu." Watu wakacheka, hata walioorodheshwa. Mimi nilikuwa natazama njia.

Alikuja akiwa amechelewa, suti nyeusi, kofia mkononi, suruali ina matope hadi magotini. Washarika wake waliokuwemo mle barazani, na walikuwa wengi kuliko ilivyotakiwa, walianza kuficha mbeta nyuma ya migongo. Baba hakuwatazama. Akaenda mbele.

"Mimi ni mwinjilisti," akasema. "Kichaka kilichoko karibu na maji ni cha baba yangu Mtengela. Ni cha ulanzi. Nilikigema mimi mwenyewe nilipokuwa kijana."

Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilitamka neno lile.

"Wewe unakunywa?" akauliza Bwana Shauri.

"Sinywi."

"Sasa kichaka unakitakia nini?"

"Sikitaki, bwana. Nilikiacha. Lakini kitu nilichokiacha mimi si kitu kisicho na mwenyewe."

Bwana Shauri aliandika kitu, akafuta, akaandika tena. Kisha akashuka na watu hadi kijitoni, kichaka kwa kichaka, orodha mkononi, akiuliza mwenyewe yale maswali matatu. Majibu yakalingana na karatasi. Jioni akaniuliza ile ripoti ya kwanza nilikuwa nimeifanya nini. Nikaitoa ndani ya koti. Alisoma sentensi ya kwanza, akainama, akafutia matope ya viatu vyake. Hakujua kwamba nakala ya kaboni ninayo. Ninayo hadi leo, na huwatolea wanafunzi wanaojiona wamemaliza kazi.

Mlowezi alipewa jibu kwamba atafute kwingine. Vichaka vya Lufimbo viliingia katika Kitabu cha Boma kwa majina ya wenyewe, na mpakani pakaandikwa kwamba watu wa pande zote wanapatumia pamoja, jambo lililowaudhi majumbe wote wawili kwa usawa. Nafasi yangu ya chuo ilikwenda kwa mtu mwingine. Nikangoja mwaka mzima, nikinakili barua za watu, ndipo Bwana Shauri akaandika barua nyingine, ndefu kuliko ile ya kwanza. Baba naye wazee wa kanisa walimzuia kupanda mimbarani Jumapili tatu. Alikaa benchi la nyuma, akaimba kwa sauti kuliko kawaida yake.

Mwisho ninaoukatisha darasani ni huu. Sikuusema kwa sababu baba alikuwa hai, na baadaye kwa sababu hakuwa hai.

Baraza lilipokwisha na watu wakaanza kupanda kwenye vibanda vyao, baba alishuka peke yake hadi kwenye kile kichaka. Nikamfuata na daftari. Bibi Tulalumba alikuwa pale. Walisalimiana kirefu, kwa Kibena cha zamani ambacho nusu yake sikukipata. Kisha baba akamvulia kofia, akamwomba panga. Akachagua chipukizi, akalivuta chini kwa mkono wa kushoto, akalikata ncha kwa mkato mmoja, mshazari, safi, bila kutazama sana. Akafunga mbeta kwa kamba ya mgomba na fundo ambalo sijawahi kuliona nyumbani kwetu. Nilikuwa nimekaa na mikono ile tangu kuzaliwa, nikidhani inajua Biblia na shoka tu.

Akarudisha panga. "Andika," akaniambia.

Nikaandika. Nani alipanda: Mtengela. Nikamtazama. "Nani anagema?"

"Andika Tulalumba. Agemee hapa kuanzia leo."

Bibi akafungua mdomo kukataa. Baba akainua mkono kumzuia.

"Na nani atarithi?"

Baba akanitazama tangu viatuni, akalitazama lile koti langu lililojaa matope na kunuka mtogwa.

"Huyo," akamwambia Bibi Tulalumba. "Akijifunza kuja mwezi unaofaa."